Kutoka Sati hadi Farkındalık: Historia ya Istilahi katika Hojaji za Wanamichezo Vijana wa Uturuki

Mfasiri wa mwongozo wa mashine akikosea neno, kosa lake hujulikana upesi, kwa kuwa mashine haitawaka. Mfasiri wa hati ya sheria akikosea, wakili wa upande wa pili atamfichua. Lakini mfasiri wa hojaji ya saikolojia hana mtu wa kumwambia. Neno likiwa si lake, hojaji haigomi. Vijana huijaza kama kawaida, alama hujumlishwa, wastani hutolewa, na tarakimu hutoka safi kama zile zitokazo katika hojaji iliyo sahihi. Baadaye mwalimu wa michezo huzisoma tarakimu hizo, naye huamua ni kijana gani anayehitaji msaada na ni yupi aachwe aendelee. Ikiwa kijana alielewa neno moja na mwandishi wa hojaji alikusudia lingine, basi uamuzi huo umejengwa hewani.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi dhana moja iliyozaliwa katika lugha ya kale ya Bara Hindi ilivyopata jina la Kiingereza, ikaingia hospitalini, kisha viwanjani, na hatimaye ikabisha hodi katika Kituruki ikiwa imeandikwa kwenye hojaji za wanamichezo vijana. Dhana yenyewe ni ile hali ya mtu kuwapo kwa akili yake yote katika jambo analolitenda wakati huo huo, akiuona mwili wake na mawazo yake jinsi yalivyo pasipo kuyapigia kura. Tumechagua Kituruki kwa kuwa ni lugha iliyopangwa na chombo rasmi kwa muda mrefu kama lugha yetu, na kwa kuwa ilikopa kwa wingi kutoka Kiarabu kama sisi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930. Chama cha lugha cha Waturuki kilianzishwa tarehe 12 Julai 1932. Lakini njia zilizofuatwa baada ya hapo ni mbali mbali kabisa, na tofauti hiyo ndiyo yenye mafunzo kwetu.

Asili ya dhana

Katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Ubuddha, neno lenyewe ni sati. Ndugu yake wa Kisanskriti ni smriti, ambalo maana yake ya msingi ni kukumbuka. Jambo hili aghalabu husahauliwa na wanaoandika juu ya somo hili leo: shina la dhana ni kumbukumbu, yaani kutolipoteza jambo akilini, wala si utulivu. Mafundisho ya kale kuhusu sati huanza na pumzi na mikao ya mwili, nayo ni kutembea, kusimama, kuketi na kulala. Kwa hiyo wale wanaoshangaa kuona dhana ya watawa ikipelekwa kwa wakimbiaji wasishangae sana. Mwili ulikuwamo tangu mwanzo.

Aliyelipatia neno hilo tafsiri ya Kiingereza iliyodumu ni T. W. Rhys Davids, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akajifunza Kipali akiwa kazini. (Watumishi wa serikali wanaosoma jarida hili na walinukuu jambo hilo.) Katika tafsiri zake zilizochapishwa mwaka 1881 alilitumia neno mindfulness, ambalo lilikuwa la zamani katika Kiingereza na lilimaanisha hali ya kutosahau na kutunza akilini. Kwa hiyo hakuunda neno jipya. Alichukua neno kuukuu lililokuwa limelala, akalitwika mzigo mpya. Sisi twaona hiyo ni njia njema ya kuunda istilahi, maana mzigo mpya ulifanana na ule wa zamani.

Karibu miaka mia moja ikapita. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha kliniki katika chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, mjini Worcester, kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya kudumu ambayo tiba ya kawaida haikuyamaliza. Mafunzo yake ya wiki 8 yaliondoa lugha ya dini na kubakisha zoezi lenyewe. Neno la Rhys Davids likavua joho na kuvaa koti jeupe la daktari. Mwaka 1985 yeye na wenzake waliarifu mkutano wa saikolojia ya michezo uliofanyika Copenhagen kuhusu wapiga makasia waliofunzwa kwa njia hiyo. Hapo ndipo dhana ilipokanyaga uwanja wa michezo, ingawa ilichukua miaka mingi kabla ya wengine kuifuata.

Dhana ikishaingia katika sayansi, hutakiwa ipimwe. Mwaka 2003 Brown na Ryan walichapisha hojaji yenye kauli 15, ambazo zote huuliza juu ya kutokuwapo kwa hali hiyo: kufanya mambo kwa mazoea, kutosikia, kusahau. Walidhani, na pengine kwa haki, kwamba ni rahisi kwa mtu kukiri kwamba akili yake ilikuwa mbali kuliko kujisifu kwamba ilikuwapo. Mwaka 2006 Baer na wenzake wakatoa hojaji ya kauli 39 yenye pande tano. Mwaka 2013 Tanay na Bernstein wakatunga hojaji ya kauli 21 inayopima hali ya wakati maalumu badala ya tabia ya kudumu. Thienot na wenzake wakaitengenezea michezo hojaji yake mwaka 2014, yenye kauli 15 katika mafungu matatu: kutambua, kutohukumu, na kurudisha akili mahali pake baada ya kupotea. Mwaka 2016 Cox, Ullrich-French na French waliigeuza ile hojaji ya hali ya wakati iwe ya mazoezi ya viungo, kauli 6 za akili na 6 za mwili, ili mtu aijaze mara tu amalizapo mazoezi.

Kituruki chasafishwa

Haiwezekani kuelewa taabu ya mfasiri wa Kituruki pasipo kukumbuka yaliyoipata lugha yake. Sheria ya tarehe 1 Novemba 1928 iliondoa hati za Kiarabu na kuweka za Kilatini. Chama kilichoanzishwa mwaka 1932, ambacho tangu mwaka 1936 kimeitwa Türk Dil Kurumu, kilichukua kazi ya kuondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuweka mengine yaliyoundwa au kufufuliwa kutoka mashina ya Kituruki. Atatürk mwenyewe alitunga kitabu kidogo cha jometri kilichotolewa mwaka 1937, na maneno yake ya pembe na pembetatu yangali shuleni hata leo. Chama hicho kilibaki jumuiya yenye wanachama hadi mwaka 1983, kilipowekwa chini ya taasisi kuu ya dola.

Kasi ya mabadiliko yaweza kupimwa kwa mfano mmoja. Hotuba kuu ya Atatürk ya mwaka 1927, iliyochukua siku 6 kuisoma, ilibidi itolewe upya kwa lugha ya siku hizo mwaka 1963, hata jina lake likabadilishwa kutoka Nutuk hadi Söylev. Katika muda wa miaka 36 tu, maneno ya mwanzilishi wa taifa yalihitaji mfasiri ili yaeleweke kwa wanafunzi wa taifa hilo hilo.

Maneno ya akili na ya mwili hayakusalimika. Fahamu iliitwa şuur, neno la Kiarabu lenye shina moja na shairi letu. Mahali pake likawekwa bilinç, lililoundwa kutokana na kitenzi cha kujua. Kile kilicho chini ya fahamu kiliitwa kwanza tahteşşuur, kisha şuuraltı, kisha bilinçaltı: hatua tatu, kila moja ikisogea mbali zaidi na Kiarabu. Hüküm, ambalo ni hukumu yetu, lilipokewa na yargı. Mihrak, mahali mwanga unapokutana, likaondoka na odak likaketi. Lakini dikkat, yaani uangalifu, ambalo lina shina moja na dakika yetu, halikupata mrithi aliyekubaliwa, nalo lingali kwenye kila kibao cha tahadhari barabarani. Kadhalika akıl na his vimebaki, na Mswahili yeyote huvitambua mara moja.

Michezo nayo ilibatizwa upya. Muungano wa vyama vya michezo wa mwaka 1922 ulitumia katika jina lake neno idman, la Kiarabu, lenye maana ya mazoezi. Chombo kilichourithi mwaka 1936 kilijiita kwa jina la spor, lililotoka Ulaya. Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo: katika mwaka ule ule ambamo chama cha lugha kilijipa jina la Kituruki safi, mchezo ulipewa jina la Kifaransa. Usafishaji wa lugha ulikuwa mkali zaidi kwa wageni wa mashariki kuliko kwa wageni wa magharibi. Leo mwanamichezo kijana wa Ankara hufanya egzersiz na antrenman, maneno mawili ya Kifaransa, huku babu yake angesema idman.

Tusidhani kwamba maneno hayo yalibadilishana kwa amani. Katika miaka ya 1960 na 1970 mtu aliweza kutambulikana upande wake wa siasa kwa maneno aliyochagua. Aliyesema habari za umoja wa kitaifa aliandika millî şuur, na aliyesema habari za tabaka la wafanyakazi aliandika sınıf bilinci. Jozi ile ile ya fahamu, lakini kambi mbili. Mfasiri wa hojaji aliyeishi nyakati hizo hakuwa na neno lisilo na rangi.

Hojaji yaingia uwanjani

Uturuki haikuwa ngeni katika kazi ya kuhamisha vipimo. Jaribio la akili la Binet na Simon lilitafsiriwa mwaka 1915, wakati wa Milki ya Osmani. Kazi ambayo sisi twaiona kuwa kielelezo ni ile ya Necla Öner na LeCompte, waliotoa mwaka 1983 kitabu cha maelezo cha hojaji ya Spielberger kuhusu wasiwasi. Hojaji hiyo hutenganisha wasiwasi wa wakati fulani na wasiwasi ulio tabia ya mtu. Kwa wa kwanza waliandika durumluk, kutokana na durum, hali. Kwa wa pili waliandika sürekli, yaani wa kudumu, neno ambalo kila mtu alikuwa nalo kinywani. Istilahi moja ya kuundwa na moja ya mtaani, na mpaka kati yake ukawa wazi. Wafasiri waliokuja baadaye walikuta njia imekwisha fyekwa.

Hojaji ya Brown na Ryan ilichapishwa kwa Kituruki mwaka 2011 na Zümra Özyeşil na wenzake, na hojaji ya michezo ya Thienot ikafuata mwaka 2020. Jina lililoshika ni bilinçli farkındalık. Tulitazame kwa makini.

Fark ni neno la Kiarabu lenye maana ya tofauti, nalo ni ndugu wa faraka na farakana katika Kiswahili. Waturuki huliongezea kiambishi cha umilikishi na kiambishi cha mahali, wakapata farkında, yaani mtu yumo katika kulitofautisha jambo, analitambua. Kisha wakaongeza -lık, kiambishi kinachounda nomino za dhahania, na tokeo likawa farkındalık. Ni kana kwamba sisi tungechukua akilini, tukaitia u- mbele na kusema uakilini. Mwanasarufi atakunja uso, lakini Waturuki walikwisha fanya hivyo zamani katika gündelik, neno la kila siku lenye maana ya kila siku, ambalo pia limejengwa juu ya nomino yenye kiambishi cha mahali. Kwa hiyo njia ilikuwapo.

Kwa nini basi wakaongeza bilinçli, yenye fahamu, mbele yake? Ukilitafsiri jina zima kwa neno baada ya neno, unapata utambuzi wenye fahamu, jambo linalofanana na kusema maji yenye umajimaji. Sababu ni kwamba farkındalık peke yake lilikuwa limekwisha ajiriwa. Magazeti na mashirika ya afya hulitumia kwa kampeni za kuzindua umma kuhusu maradhi au haki fulani. Kijana akiulizwa juu ya farkındalık huenda akafikiri anaulizwa kama anajua habari za saratani au za mazingira. Ndipo wataalamu wakalifunga kamba ya bilinçli ili litofautike. Wengine waliandika farkındalık tupu. Wengine wakapendelea bilgece farkındalık, utambuzi wa kihekima. Istilahi tatu kwa dhana moja, zote zikiwa hai kwa wakati mmoja! Kwa maoni yetu ile ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inamsifu mtu kabla hajapimwa. Nani atakiri kwamba hana hekima?

Hata hivyo jina la hojaji si taabu kubwa, kwa maana kijana hujibu kauli, hajibu jina. Taabu imo ndani.

Tuchukue mwili. Kituruki kina vücut na beden, vyote vya asili ya Kiarabu, na gövde, cha asili ya Kituruki, ambacho hasa ni kiwiliwili. Beden ndilo neno la vitabu, nalo lina harufu ya darasani, kwa kuwa somo la mazoezi shuleni huitwa beden eğitimi. Idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1938 kusimamia michezo iliitwa kwa neno hilo pia, likiwa na terbiye badala ya eğitim. Vücut ndilo neno la chumba cha kunyanyulia vyuma. Kauli ikisema kwamba niliuhisi mwili wangu nilipokuwa nikikimbia, na mfasiri akaandika beden, kijana wa miaka 14 atasikia sauti ya mwalimu. Akiandika vücut, huenda akafikiria misuli na umbo lake kwenye kioo. Na hojaji haiulizi umbo. Yauliza kinachosikika kutoka ndani. Hakuna kamusi itakayoamua jambo hili. Ni lazima vijana wenyewe waulizwe.

Vivyo hivyo kwa hisi. Kutokana na kitenzi duymak Waturuki wameunda duyu kwa mlango wa fahamu, duyum kwa kile kinachopita katika mlango huo, na duygu kwa furaha, hofu na mengineyo ya moyoni. Kwenye karatasi mpango huu ni mzuri mno. Lakini duyum katika magazeti ni tetesi, habari iliyosikika kabla haijathibitishwa, na kurasa za michezo zimejaa neno hilo wakati wa kusajili wachezaji. Kauli inayomwuliza mchezaji kijana kuhusu duyum za mwili wake inamtupa, kwa nusu dakika, kwenye habari za usajili. Ajabu ni kwamba kitenzi chenyewe hakina tatizo lolote. Duymak ni kusikia sauti na pia kusikia maumivu, sawasawa na kusikia kwetu: nasikia ngoma, nasikia baridi, nasikia mguu unauma. Mtaalamu aliyetaka usahihi aliunda nomino tatu. Kijana alikuwa na kitenzi kimoja kilichotosha.

Fungu la kutohukumu nalo lina mkasa wake. Yargılamak ni kazi ya hakimu, ina kizimba na hukumu ndani yake, kama kuhukumu kwetu. Mkimbiaji aliyeshindwa na kusema moyoni kwamba yeye si kitu, hajidhanii kuwa amejifikisha mahakamani. Yeye hujilaumu, hujikasirikia, hujidharau. Vitenzi vya aina hiyo vinaielezea hali anayoijua; kitenzi cha mahakama kinaielezea nadharia. Upande wa pili wa dhana hiyo, yaani kukubali, una kabul, neno ambalo wasafishaji hawakufaulu kuling'oa, na ambalo sisi tunalo katika kubali. Hapo mfasiri hupumua.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni la sarufi, na kwetu sisi ndilo tamu kuliko yote. Kituruki kina nyakati mbili zilizopita. Moja, yenye -di, ni ya jambo ambalo msemaji alilishuhudia: yoruldum, nilichoka. Nyingine, yenye -miş, ni ya jambo alilolisikia kwa wengine au alilolibaini baada ya kutokea: yorulmuşum, yaani kumbe nimechoka! Mtu asemaye yorulmuşum anakiri kwa kiambishi kimoja kwamba mwili wake ulichoka naye hakuwapo. Tazama jinsi lugha ilivyokwisha ipima dhana ile ile ambayo wataalamu wa Marekani walihitaji kauli kadhaa kuipima. Mfasiri akiandika kauli zake zote kwa -di, kama ilivyo desturi ya maandishi ya kitaaluma, anakiacha nje chombo kilicho kikali kuliko vyote alivyo navyo. Sisi tungemshauri aandike kauli mbili au tatu za namna ya kumbe, kisha aone vijana watazijibuje.

Mtego wa tafsiri rejeshi

Njia inayotumika kukagua hojaji zilizotafsiriwa ni tafsiri rejeshi: mtu wa kwanza hutafsiri kutoka lugha ya asili, mtu wa pili asiyeiona hojaji ya asili huirudisha, kisha hati mbili za lugha ya asili hulinganishwa. Richard Brislin aliieleza njia hiyo katika makala ya mwaka 1970 yaliyotokana na kazi katika visiwa vya Pasifiki. Alishauri pia kwamba mwandishi atumie sentensi fupi, kauli ya kutenda badala ya kutendwa, na aepuke sitiari. Mwaka huo huo Werner na Campbell walipendekeza jambo la ujasiri zaidi: hojaji ya asili nayo ikubali kurekebishwa, ili isiwe sultani na ile iliyotafsiriwa mtumwa wake. Shauri hilo la pili limefuatwa na wachache, kwa kuwa waandishi wa hojaji hawapendi kauli zao ziguswe.

Katika lugha ya wavuvi wa kisiwa kidogo, ambamo istilahi za saikolojia hazijawahi kuundwa, tafsiri rejeshi hukagua kwa kweli, kwa sababu mfasiri hulazimika kueleza, na maelezo mabovu hurudi yakiwa mabovu. Lakini katika Kituruki mambo ni tofauti. Bilinç, odak, yargı na duyum ni maneno ambayo wasomi wameyapanga ana kwa ana na maneno ya Ulaya. Mfasiri wa kwanza huona neno la Kiingereza na kuandika mwenzake. Mfasiri wa pili, aliyesoma chuo kile kile na kamusi ile ile, humwona mwenzake na kulirudisha neno la Kiingereza lile lile. Hati mbili hulingana kabisa, na wote hufurahi. Kilichokaguliwa ni makubaliano ya wasomi wawili. Kijana wa mieleka kutoka kijiji cha Anatolia hakuulizwa neno hata moja.

Kwa maneno mengine, kadiri chombo cha lugha kinavyofaulu kusambaza istilahi zake kwa wasomi, ndivyo tafsiri rejeshi inavyopoteza meno. Twalisema hili tukijua kwamba linatuhusu. Sisi pia hutoa orodha za maneno yaliyopangwa katika safu mbili, na mfasiri anayezitumia hurudishiwa neno lile lile bila shida yoyote.

Wapo watakaosema kwamba takwimu zitafichua kosa. Si kweli kwa kiasi wanachodhani. Kipimo cha alfa, kilichoelezwa na Cronbach mwaka 1951, huonyesha kama kauli zinakwenda pamoja. Ikiwa kijana amezielewa zote vibaya kwa namna moja, zitakwenda pamoja vizuri sana. Uchanganuzi wa vipengele una macho zaidi. Katika kazi ya Baer ya mwaka 2006, upande wa kutazama uliungana na pande nyingine kwa watu waliozoea zoezi hilo, lakini haukufanya hivyo katika kundi zima ambalo wengi wao walikuwa wanafunzi wa kawaida. Maneno yalikuwa yale yale, lugha ile ile, lakini waliolizoea jambo na wasiolizoea hawakusoma kitu kimoja. Kama hali ni hiyo ndani ya Kiingereza chenyewe, itakuwaje kwa mtoto wa miaka 13 na neno lililoundwa kabla babu yake hajazaliwa?

Tume ya Kimataifa ya Vipimo, iliyoanza kutayarisha miongozo yake mwaka 1992 na kutoa toleo la pili mwaka 2017, haisemi tena kutafsiri bali kurekebisha, na huagiza kwamba watu wa kundi linalokusudiwa washirikishwe. Njia iliyo rahisi ni kuketi na vijana mmoja mmoja, kuwasomea kauli, na kuwaomba waeleze kwa maneno yao walivyoielewa. Haihitaji mashine wala fedha nyingi. Huhitaji subira, na mfasiri aliye tayari kulifuta neno alilolipenda.

Neno letu

Hojaji za namna hii zitatufikia, na walimu wa michezo wameanza kuuliza. Maneno yanayopendekezwa kwa kawaida ni uangalifu na umakini. Uangalifu kwetu ni wa mtu abebaye mayai. Una tahadhari ndani yake, na mwanamichezo mwenye tahadhari nyingi huogopa. Umakini ni agizo la mwalimu kwa darasa lenye kelele, nalo hukaza, ilhali dhana hii haikazi. Utulivu ni tokeo ambalo huenda likaja au lisije.

Sisi twaelekea kwenye kitenzi zingatia. Mzee akimwambia kijana ayazingatie maneno yake, anamtaka mambo mawili kwa pamoja: ayatie akilini sasa, na asiyasahau baadaye. Kumbukumbu na uangalifu vimekaa katika kitenzi kimoja, kama vilivyokaa katika sati kabla ya safari yote tuliyoieleza. Kutokana nacho twaweza kupata uzingativu kwa ajili ya jina la hojaji na kwa ajili ya waandishi wa makala. Ndani ya kauli zenyewe, hata hivyo, neno hilo lisitiwe. Humo tungeandika kusikia kwa ajili ya mwili, kujilaumu kwa ajili ya hukumu, na kumbe kwa ajili ya akili iliyokuwa mbali.

Kuna swali ambalo hatujalitatua. Kusikia mwili, kwa wasemaji wengi, ni kusikia ugonjwa: mtu akisema anausikia mwili wake, atapewa pole. Twawaomba walimu wa michezo wa bara na pwani watuandikie ni maneno gani hasa vijana wao hutumia, baada ya mbio au baada ya mechi, kueleza yaliyokuwa yakitokea miguuni na kifuani wakati mchezo ukiendelea. Tutayapokea jinsi yalivyosemwa, bila kusanifiwa.